Fremu Ilifungwa Saa Ngapi?



Kuna hoja moja inayopendwa sana na wachoraji wa majengo wanaoletewa kazi za huku kwetu, kuanzia Mtwapa, Kikambala na Vipingo mpaka Kilifi na Malindi. Wanasema pwani haina baridi. Usiku wa Julai, kusi ikivuma, hewa hushuka mpaka digrii 22 hivi. Mchana wa Februari, kaskazi, hupanda mpaka 33. Tofauti ni digrii 11 tu, kwa hiyo habari ya chuma kutanuka na kunywea waachiwe wenye theluji yao Ulaya, sisi tushughulike na chumvi ya bahari na kutu.

Hoja hiyo hupita kwa urahisi kwa sababu tarakimu zake si za uongo. Taabu yake ni kwamba kipimajoto cha hali ya hewa huwekwa kivulini, na bimu ya chuma inayongoja kuezekwa kando ya barabara ya Malindi haina kivuli. Nenda pale Kikambala saa saba mchana, uweke kiganja juu ya bati lililolala juani tangu asubuhi. Hutahesabu hata tatu kabla ya kukiondoa. Bati hilo limepita digrii 55, na kama limepakwa rangi nyeusi limepita zaidi. Alfajiri ya siku hiyo hiyo lilikuwa na umande. Kwa hiyo mabadiliko ya chuma chetu kwa siku moja yanaweza kuwa mara tatu ya yale ya hewa kwa mwaka mzima.

Nazungumzia majengo ya aina gani? Si magodauni peke yake. Siku hizi mwenye kiwanja anayetaka maduka chini na vyumba juu huuliza kama ghorofa yake inaweza kupanda kwa chuma, kwa kuwa chuma kinasimama haraka. Jengo lenyewe ni hivi: nguzo za chuma, bimu za chuma, na juu ya bimu hutandazwa mabati mazito yenye mikunjo, unene wake kama milimita moja. Juu ya mabati huwekwa waya wa BRC, kisha zege humwagwa, slabu ikawa na kimo cha milimita 130 au 150. Kabla ya kumwaga, fundi wa kuchomelea hupita na mashine yake akipachika vijiti vifupi vya chuma vyenye vichwa, kipenyo milimita 19, vikapenya bati na kushikana na bimu. Zege likiganda, vijiti hivyo vinalizuia lisiteleze juu ya chuma. Kuanzia hapo zege na bimu ni kitu kimoja katika kubeba mzigo, na ndipo faida ya mfumo huu ilipo. Zege hubeba mgandamizo, chuma hubeba mvuto, na bimu inakuwa nyepesi kuliko ambavyo ingekuwa peke yake.

Lakini ukishavifunga pamoja vitu viwili ambavyo havipati joto kwa kasi moja, umevipa pia ugomvi wa kudumu. Chuma ni chembamba, hupokea joto kwa dakika. Slabu ni nene, hupokea kwa saa nyingi. Jua likipiga slabu ya paa, zege la juu linatanuka huku bimu iliyo kivulini chini bado imepoa, na sakafu nzima inainua mgongo. Chukua bimu ya mita 9 ambayo kimo chake pamoja na slabu ni milimita 450, na tofauti ya joto kati ya juu na chini ni digrii 15. Katikati itainuka kama milimita 4. Haionekani kwa macho, ila kigae kilichobandikwa juu yake kwa saruji ngumu kinaijua, na vijiti vya mwisho kule kwenye ncha za bimu vinaijua zaidi, maana ugomvi wa chuma na zege hukusanyika kwenye ncha.

Wazee wetu walikwepa jambo hili bila kufanya hesabu. Ukitembelea magofu ya Jumba la Mtwana, hapo karibu na Mtwapa, utaona vyumba virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu, tatu hivi. Mti hautanuki sana kwa joto, chokaa ni laini, inasamehe, na nafasi ni fupi. Hakuna kinachosukuma kingine. Sisi tumetaka kumbi za mita 12 zisizo na nguzo katikati, na vioo upande wa baharini, kwa hiyo hesabu tunadaiwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chuma cha mita moja, kikipanda digrii moja, huongezeka sehemu 12 za milioni ya mita. Jengo la urefu wa mita 60, joto likipanda digrii 25, litataka kurefuka milimita 18. Likiruhusiwa, linarefuka na hakuna nguvu yoyote inayozaliwa ndani yake. Likizuiwa kabisa, kila digrii moja inazaa mkazo wa nyutoni mbili na nusu kwa kila milimita ya mraba. Bimu ya kawaida ya kimo cha milimita 300, ile inayoandikwa IPE 300, ikizuiwa kabisa ncha zote mbili kwa digrii hizo 25, itasukuma kwa nguvu ya tani 34. Hapo bado hujaweka hata kiti juu ya sakafu.

Pwani yetu ina mifano miwili ya njia hizo mbili, na inapita karibu karibu kule Mazeras na Mariakani. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipoungwa iliachiwa mapengo madogo kati ya chuma na chuma, na ule mlio wa magurudumu tuliouzoea ulikuwa mlio wa mapengo hayo. Reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 imechomelewa ikawa ndefu bila mapengo. Chuma chake hakikuacha kupata joto, bali kimeshikwa kwa nguvu na mataruma ya zege na kokoto, na msukumo unabaki ndani ya reli yenyewe. Njia zote mbili ni halali. Kosa ni kujenga moja huku umekokotoa nyingine, na ndilo hutokea kwenye majengo.

Sasa tufike ofisini, kwenye kompyuta. Injinia anachora fremu yake ndani ya programu, anafika mahali pa mzigo wa joto, na programu inamuuliza kitu kimoja: joto limebadilika kwa digrii ngapi? Haimuulizi limebadilika kutoka wapi. Hapo ndipo naona pana kiini cha jambo zima, na ndipo watu hupita mbio. Jengo halina habari ya wastani wa joto la mwaka. Lina habari ya joto lililokuwa ndani ya chuma siku ile bolti zilipokazwa na zege lilipoganda. Siku hiyo ndiyo sifuri yake.

Tuseme fremu imekazwa Kikambala mwezi wa Februari, saa nane mchana, chuma kikiwa digrii 50. Baadaye jengo linafungwa vioo na kuwekewa kiyoyozi, ndani ni digrii 22. Kwa maisha yake yote fremu hiyo itakuwa imenywea kwa digrii 28. Jengo la mita 60 linataka kufupika milimita 20, viungo vinavutwa, na zege, ambalo ni dhaifu sana katika kuvutwa, linachanika juu ya bimu za kati. Mwenye nyumba anaona nyufa na kumlaumu fundi kwamba aliiba saruji. Pengine hakuiba hata kilo moja.

Geuza sasa. Fremu imekazwa alfajiri, chuma digrii 24. Mradi unakwama, na sote tunajua jinsi miradi inavyokwama pwani, utalii ukiyumba au mkopo ukichelewa. Fremu inabaki uchi miaka miwili, mitatu, na kila mchana inapanda mpaka 60. Hizo ni digrii 36 za kutanuka, milimita 26. Kule ofisini modeli ilikuwa ya jengo lililokamilika, lenye kuta na kivuli na kiyoyozi, na mabadiliko yaliyowekwa yalikuwa digrii 10. Jengo hilo la kwenye modeli halijapata kuwapo siku hata moja. Mimi ningependa kila fremu ya chuma inayojengwa kando ya barabara hii ihesabiwe mara mbili, ikiwa imekamilika na ikiwa imetelekezwa. Wateja hawapendi kusikia neno hilo la pili, lakini injinia halipwi ili apendwe.

Kuna mtego mwingine, na huu wataalamu wanaufahamu ingawa bado unawanasa. Programu nyingi za majengo, ETABS na wenzake, hukupa nafasi ya kuichukulia slabu kuwa bapa gumu lisilonyooka wala kufupika upande wowote. Kwa upepo na tetemeko la ardhi dhana hiyo inafaa, inaokoa muda. Kwa joto ni balaa. Bimu zinaambiwa zitanuke, na hapo hapo ncha zake zimefungwa kwenye bapa lisilokubali. Ni kama kumvisha mtu kanzu ya mbao, kisha ukamwambia avute pumzi. Programu inatoa nguvu kubwa ndani ya bimu ambazo hazipo katika jengo la kweli, na wakati huo huo inaonyesha nguzo zimetulia, hazikusogea hata kidogo, ilhali katika jengo la kweli nguzo za pembeni ndizo zinazoinamishwa. Umekosea pande mbili kwa kubofya mara moja. Slabu ichorwe kama ngozi inayoweza kutanuka, ipewe unene wake na joto lake, na pale zege linapotarajiwa kuchanika ugumu wake upunguzwe.

Nguzo hizo za pembeni tuzitazame kidogo. Msingi uko ndani ya mawe ya matumbawe, haupati jua, hauendi popote. Ghorofa ya kwanza inakwenda. Ghorofa ya pili na ya tatu zinakwenda pia, lakini zinakwenda pamoja na ya kwanza, kwa hiyo kati yao hakuna msuguano mkubwa. Mzigo wote wa kutoelewana unaangukia nguzo za chini kabisa, kati ya msingi uliotulia na sakafu inayosafiri. Kwa mfano wetu wa digrii 25, kila ncha ya jengo inasogea milimita 9 kutoka katikati. Ikiwa vyuma vya mshazari vya kuzuia upepo vimewekwa katikati ya jengo, ncha ziko huru kusogea. Vikiwekwa ncha zote mbili, kama wachoraji wengi wanavyopenda kwa sababu katikati wanataka milango ya maduka, umelifunga jengo huku na huku, na zile tani 34 zinaanza kuwa za kweli.

Za kweli kwa kiasi, lakini. Katika jengo hakuna kizuizi kamili wala uhuru kamili. Bolti ya milimita 20 hupitishwa katika tundu la milimita 22, na katika mlolongo wa viungo vingi ule mchezo wa milimita moja moja unameza sehemu ya safari. Nguzo nazo zinapinda kidogo. Anayechora viungo vyake vigumu kabisa anapata nguvu za kutisha, anaongeza chuma, na chuma kikiongezeka ugumu unaongezeka na nguvu zinapanda tena. Nimeona watu wakizunguka kwenye mduara huo wiki nzima. Kabla ya kufungua programu, andika kwa mkono kwenye karatasi moja: urefu, digrii, milimita, na nani anazuia. Modeli ikija na jibu lililo mbali na karatasi hiyo, itiliwe shaka modeli kwanza.

Na hizo digrii za jua unazitoa wapi? Kenya imezipokea kanuni za Ulaya, Eurocode, na ile inayohusu joto ina jedwali zuri. Sehemu ya jengo iliyolala bapa, au inayotazama kusini-magharibi, iongezewe juu ya joto la hewa digrii 18 ikiwa na rangi nyeupe inayong'aa, 30 ikiwa ya rangi hafifu, na 42 ikiwa nyeusi. Tazameni nguvu ya rangi: kati ya nyeupe na nyeusi kuna digrii 24, na kopo la rangi ni bei rahisi kuliko kuongeza chuma. Lakini someni na maelezo ya chini ya jedwali. Tarakimu hizo zimependekezwa kwa nchi zilizo kati ya latitudo 45 na 55 kaskazini, yaani kutoka Ufaransa ya kusini hadi Uingereza ya kaskazini. Kikambala iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta. Jua hutupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na tena mwanzo wa Oktoba. Desemba liko kusini yetu, Juni liko kaskazini. Ukuta wa kaskazini, ambao mchoraji wa London anauona ni ukuta wa baridi, kwetu unaota jua miezi kadhaa. Anayenakili jedwali lile bila kuligusa amelipatia jengo letu jua la watu wengine.

Kisha kuna moto, ambao ni joto la namna nyingine. Kikambala haihitaji kufundishwa habari hiyo. Tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise iliposhambuliwa kwa bomu, Wakenya 10 na Waisraeli 3 waliuawa, na paa za makuti zikateketea. Hoteli zetu bado zina makuti juu. Moto wa makuti ukianguka juu ya slabu, zege linakinga chuma kilicho chini. Moto wa jikoni ukianzia chini ya sakafu, ni kinyume chake: mabati na bimu ndivyo vya kwanza kupigwa, na chuma kikifika digrii 600 hivi kimekwisha kupoteza nusu ya nguvu yake.

Ajabu ni kwamba sakafu hizi zinaweza kustahimili moto kuliko hesabu za bimu mojamoja zinavyodai. Katikati ya miaka ya 1990, kule Cardington, Uingereza, ndani ya banda kubwa lililojengwa zamani kwa ajili ya ndege za puto, watafiti walisimamisha jengo zima la chuma la ghorofa nane wakaliwasha moto kwa makusudi. Bimu zisizo na kinga zilipita digrii 900, sakafu zikabonyea vibaya, lakini jengo halikuanguka. Slabu na ule waya wake zilining'inia na kuendelea kubeba mzigo.

Lakini mfumo ule ule uliangusha jengo lingine. World Trade Center 7, ghorofa 47, jijini New York, halikugongwa na ndege tarehe 11 Septemba 2001. Liliungua kwa muda wa karibu saa saba na kuanguka jioni. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichukua miaka kuunda modeli ya jengo hilo, ikatoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2008. Ilichokikuta ndicho tunachokizungumza: bimu ndefu za sakafu, kama mita 16, zilitanuka kwa moto zikaisukuma bimu kuu kutoka kwenye kikalio chake, karibu na nguzo namba 79. Hazikuyeyuka, na hazikuhitaji kuyeyuka. Piga hesabu mwenyewe: mita 16, digrii 500, unapata karibu sentimita 10. Kikalio cha bimu hakikuchorwa kwa safari kama hiyo. Wachoraji wa jengo walikuwa wamehesabu uzito, upepo na kinga ya moto, lakini kanuni za wakati ule hazikuwadai wahesabu msukumo wa sakafu inayotanuka.

Nimalizie na jambo dogo la fundi wa vigae. Jengo refu likichorwa vizuri hukatwa mahali fulani na kuachwa pengo, milimita 25 tuseme, kuanzia sakafu ya chini hadi paa, ili kila nusu ipumue peke yake. Injinia amelikokotoa, limo kwenye ramani. Anakuja fundi wa vigae, analiona pengo linaharibu sakafu yake, analijaza saruji ya kuzibia, anapiga kigae juu, sakafu inang'aa na mwenye nyumba anafurahi. Kaskazi ya kwanza au ya pili vigae vinainuka mstari mzima, na dawa inayotolewa ni kubandika vingine kwa gundi kali zaidi. Kwa hiyo, injinia mwenzangu unayenisikiliza, ukishamaliza modeli yako yenye pengo la milimita 25, iendeshe tena mara moja pengo likiwa sifuri, uone nguzo zipi zinalia. Kisha uandike kwenye ramani, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, pengo hili lisizibwe, na pembeni yake uandike joto la chuma ambalo fremu ifungwe nalo, ili msimamizi afike kazini na kipimajoto mfukoni kabla ya bolti ya mwisho kukazwa.